Pango la Achbinico: kisa cha pango la Waguanche lililogeuka kanisa

Nyuma ya basilika ya Candelaria, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Tenerife, kuna njia inayopita chini ya mwamba mweusi huku bahari ikipiga kando yake. Ukienda mbele kidogo, mwamba unafunguka na kuwa pango. Wenyeji wa leo huliita pango la San Blas. Waguanche, wenye kisiwa kabla ya Wahispania, waliliita Achbinico. Humo ndani sanamu ya Bikira Maria ilitunzwa na kuheshimiwa na wachunga mbuzi wasiobatizwa, miongo mingi kabla ya Hispania kukiteka kisiwa.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Tumezoea mfuatano mwingine: jeshi linashinda, padri anafuata, mahali patakatifu pa wenyeji panasimikwa msalaba, kisha wenyeji wanaambiwa wasali upya palepale. Achbinico haikwenda hivyo. Sanamu ilitangulia jeshi. Wenyeji waliipokea kwa desturi zao wenyewe, na utekaji ulipokuja ulikuta pango tayari lina mtunzaji. Kwa hiyo kuuliza "nani aliligeuza pango kuwa kanisa?" hakutufikishi mbali. Yanayofaa kuulizwa ni maswali mawili: katika kila kipindi, nani alikuwa akilitunza, na nani alikuwa na haki ya kubeba kilichokuwamo?

Mahali na wenyewe

Tenerife ni kisiwa cha volkano katika Visiwa vya Kanari, karibu kilomita 300 kutoka pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika. Katikati yake umesimama mlima Teide wenye mita 3,715. Kutoka milimani makorongo yanashuka hadi baharini. Sehemu kubwa ya mwaka huwa makavu kabisa, mtu anaweza kulala humo. Lakini mvua kubwa ikinyesha juu, korongo hujaa ghafla na kuporomosha matope, miti na mawe. Makorongo haya yatarudi baadaye katika kisa.

Waguanche asili yao ni Afrika Kaskazini, na lugha yao ilikuwa na undugu na lugha za Waberberi. Chuma hawakuwa nacho. Walikata kwa tabona, vipande vya jiwe la volkano lenye makali kama kioo. Walifuga mbuzi na kondoo, wakavaa ngozi, wakala gofio, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa. Waliishi mapangoni, wakafungia mifugo mapangoni, wakazika mapangoni. Maiti za wakubwa zilikaushwa na kufungwa kwa ngozi. Ndiyo maana maneno "pango la Waguanche" peke yake hayathibitishi utakatifu wowote. Pango lilikuwa nyumba, zizi, ghala au kaburi, na mara nyingine lilibadilika kutoka kimoja kwenda kingine.

Karibu na mwisho wa karne ya 15 kisiwa kilikuwa na tawala 9, kila moja chini ya mtawala aliyeitwa mencey. Pwani ya kisa chetu ilikuwa ya mencey wa Güímar.

Shahidi tunayemtegemea, na mipaka yake

Karibu yote yanayosimuliwa kuhusu miaka ya mwanzo yanatoka kwa mtawa mmoja Mdominika, Alonso de Espinosa, aliyeishi Candelaria na kuchapisha kitabu chake Seville mwaka 1594. Mapokeo yanaweka kuonekana kwa sanamu karibu mwaka 1392, kiasi cha miaka 100 kabla ya utekaji. Maana yake Espinosa aliandika miaka 200 hivi baada ya tukio analolisimulia.

Msomaji makini humgawa shahidi huyu mafungu matatu. Kuna aliyoyaona kwa macho: umbo la sanamu, rangi zake, herufi zilizochorwa juu ya nguo, pango lenyewe. Hapo tunaweza kumwamini sana, maana sanamu ilikuwa mbele yake. Kuna aliyoyasikia kwa wazee Waguanche waliobatizwa, nao waliyapokea kwa babu zao. Hapo desturi na majina ya mahali huwa na nguvu kuliko tarehe. Na kuna miujiza, inayotuonyesha waumini walivyouelewa utakatifu wa kitu kile. Kosa la wengi ni kuyachanganya mafungu haya matatu, ama kwa kuyaamini yote kwa uzito mmoja, ama kwa kuyatupa yote. Na lisisahaulike hili: Espinosa alikuwa wa shirika lililokabidhiwa sanamu. Alikuwa na sababu ya kuandika.

Hatua ya kwanza: ufukweni Chimisay

Wachungaji wawili walikuwa wakiswaga mbuzi karibu na mdomo wa korongo, mahali palipoitwa Chimisay. Mbuzi wakagoma kusonga. Mchungaji mmoja akadhani kuna wezi wa mifugo, akatangulia kutazama, akaona mwanamke amesimama juu ya jiwe na mtoto mkononi.

Kinachofuata kina thamani kubwa kwa sababu kinabeba sheria ya Waguanche ndani yake. Mwanamume aliyemkuta mwanamke peke yake porini hakuruhusiwa kumsemesha. Adhabu yake ilikuwa kifo. Kwa hiyo mchungaji hakusema neno. Alimwashiria apishe njia ili mbuzi wapite. Mwanamke hakusogea. Mchungaji akaokota jiwe, akainua mkono kulitupa, na mkono ukakakamaa hapohapo, jiwe likiwa kiganjani. Mwenzake akachukua tabona akakate kidole cha yule mwanamke ajue kama ana uhai. Kila alipokata, damu ilitoka kwenye vidole vyake mwenyewe.

Muujiza kila mtu atauamini apendavyo. Lakini adabu ya njiani, kisu cha jiwe na hofu ya wezi wa mbuzi si vitu ambavyo mtawa wa Hispania angevibuni kwa urahisi. Hayo ni maisha ya watu wa pale.

Mencey alipewa habari, akashuka na watu wake. Hakuna aliyethubutu kuigusa sanamu. Mencey akaamuru walioumia ndio waibebe, kwa kuwa wao tayari walikwisha kuigusa. Walipoishika, wakapona. Hapo sheria ikageuka mara moja: mencey akasema kuanzia sasa mzigo ule hautabebwa na watu wa kawaida, bali na yeye na wakubwa wake. Baada ya mwendo mfupi walizidiwa na uzito, wakaomba msaada. Mahali hapo baadaye pakajengwa kanisa dogo la El Socorro, jina ambalo maana yake ni "msaada".

Tazama jinsi haki ya kubeba ilivyozaliwa siku ya kwanza kabisa, kabla padri yeyote hajafika: wa kwanza walibeba kwa amri, wa pili kwa cheo.

Hatua ya pili: Chinguaro, kwa mencey

Sanamu ilipelekwa Chinguaro, pangoni kwa mencey mwenyewe. Ilitandikiwa ngozi za mbuzi na kondoo, na watu wakaitengea mifugo iliyochungwa kwa jina lake. Yaani walimtendea kama mgeni mkubwa aliyekuja kukaa: nyumba, matandiko, na kundi lake. Mbuzi aliyetengwa hakuchinjwa ovyo.

Jina walilompa, kwa mujibu wa Espinosa, lilikuwa Chaxiraxi, analolifasiri kuwa "yeye ambebaye mwenye ulimwengu". Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo panapokosewa mara nyingi zaidi katika maandishi ya siku hizi. Husemwa kwamba Chaxiraxi alikuwa mungu wa kike wa kale aliyeabudiwa pangoni, kisha Wakristo wakamvika jina la Maria. Inawezekana Waguanche walikuwa na heshima ya namna hiyo tangu zamani. Lakini jina lenyewe limetufikia likiwa limefungwa kwenye sanamu hii, ndani ya simulizi ya sanamu hii, na tafsiri yake inamhusu mama aliyembeba mtoto. Huwezi kulichukua jina hilo na kulitumia kama ushahidi wa ibada iliyotangulia sanamu. Kanisa la Watu wa Guanche, lililoanzishwa katika mji wa La Laguna, Tenerife, mwaka 2001 kuhuisha dini ya kale, linamheshimu Chaxiraxi. Hiyo ni imani ya leo yenye haki yake, ila haitupi habari za mwaka 1390.

Hatua ya tatu: Antón na pango la baharini

Miongo kadhaa ilipita. Enzi zile meli za Wazungu waliokwisha kushika visiwa jirani vya Lanzarote na Fuerteventura zilikuwa zikivamia pwani za Tenerife kukamata watumwa. Mtoto mmoja wa Güímar alichukuliwa hivyo, akalelewa na Wakristo, akabatizwa Antón. Akiwa kijana alirudi kwao. Katika historia anaitwa Antón Guanche.

Alipoingizwa Chinguaro na kuonyeshwa kile kitu cha ajabu, alipiga magoti. Akamwambia mencey huyu ni nani: mama wa Mungu anayesaliwa na wale waliomteka. Kisha akashauri jambo la vitendo, sanamu ipewe mahali pake penyewe, isikae nyumbani kwa mtu. Pango lililochaguliwa lilikuwa Achbinico, kando ya bahari. Sanamu ikahamishiwa humo, na Antón akawa mtunzaji wake.

Kwa maoni yetu hii ndiyo saa pango lilipogeuka kanisa, na aliyeligeuza alikuwa Mguanche. Mtu mmoja, lugha mbili, dini mbili, na mwili uliokwisha kutekwa. Hakuna askofu, hakuna hati. Kilichobadilika ni vitu vitatu tu: sanamu ilitoka nyumba ya mtawala ikaingia nyumba isiyo ya mtu, ilipata mtunzaji ambaye kazi yake ilikuwa hiyo, na ilipata jina ambalo Mkristo yeyote aliyetua pwani angelitambua.

Msomaji wa Tanga aliyewahi kuingia mapango ya Amboni, akaona vitu vilivyoachwa na watu wanaokwenda kuomba mtoto au riziki kwenye mzimu, ataona tofauti. Pale heshima ni ya mahali: huwezi kuhamisha mzimu ukaupeleka pango la jirani. Achbinico utakatifu uliingia na kitu kilichobebwa, na kwa kuwa kilibebwa, kingeweza pia kubebwa kutoka. Hatari hiyo haikukawia.

Wizi na kurudishwa

Sancho de Herrera, wa ukoo uliokuwa na mamlaka ya Lanzarote na Fuerteventura, aliichukua sanamu kwa siri akaipeleka Fuerteventura. Simulizi yasema kila asubuhi ilikutwa imegeukia ukuta, na watu wa kisiwa wakashikwa na tauni. Ikarudishwa Tenerife.

Ukiuondoa muujiza, hoja inabaki: tayari kabla ya utekaji sanamu ilikuwa na thamani ya kuibwa, na heshima ya wenyeji kwake ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliyeichukua alilazimika kuirudisha. Baba yake Sancho, Diego García de Herrera, alikuwa ametua Bufadero, pwani ya Tenerife, tarehe 21 Julai 1464, akakutana na watawala wa kisiwa, akatangaza kukimiliki bila kukishinda. Watu wa ukoo huo walihitaji mlango wa kuingilia Tenerife. Pango lenye Maria ndani yake lilikuwa mlango huo.

Kipindi hichohicho ndugu Wafransisko, wakiongozwa na Alfonso de Bolaños, waliishi miongoni mwa Waguanche wa upande wa Güímar na kuhubiri bila jeshi. Kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaoiona tarehe ya 1392 kuwa ya mapema mno, wakidhani sanamu ililetwa karne ya 15, enzi ya misheni. Wengine wanakumbusha kwamba mwaka 1351 Papa Clement VI aliunda dayosisi ya visiwa hivi, na wamisionari wa Majorca walifika huko karne ya 14. Sanamu ingeweza kuachwa nao au kuletwa na mawimbi kutoka chomboni. Yote mawili yanapatana na umbo lake, ambalo lilikuwa la mtindo wa Kigothi.

Ilikuwaje hiyo sanamu

Tunaweza kuijua vizuri ajabu, ingawa haipo tena. Espinosa aliipima: shubiri 5 pamoja na kitako chake, kiasi cha mita moja. Mbao nyekundu, uso wa rangi ya maji ya kunde, ndiyo maana Wakanari humwita kwa upendo *la Morenita*. Nywele za dhahabu zilishuka mgongoni. Mtoto uchi alikaa mkono wa kulia, ameshika kindege cha dhahabu. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha mshumaa wa kijani.

Mshumaa huo ndio uliompa jina. Candelaria yatokana na neno *candela*, na sikukuu yake ni tarehe 2 Februari, ile ambayo Wakatoliki wa Afrika Mashariki huiita Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, siku mishumaa inapobarikiwa. Kesho yake, tarehe 3 Februari, ni ya Mtakatifu Blasi. Jina San Blas lililolikaa pango limesimama kwenye kalenda bega kwa bega na sikukuu ya Maria.

Kwenye pindo, mkanda na shingo ya nguo yake palikuwa na herufi za Kilatini zisizosomeka kwa lugha yoyote. Shingoni, kwa mfano, paliandikwa ETIEPESEPMERI. Wengi wamejaribu kuzifumbua kwa Kilatini, kwa Kiberberi, kwa vifupisho vya sala. Jibu lisilo na mbwembwe ni kwamba mafundi wa enzi za Kigothi mara nyingi walichora herufi kama pambo tu, bila kuandika neno. Hilo linatosha hadi mtu alete usomaji unaoeleza herufi zote, si zile anazozipenda.

Utekaji, na pango kuachwa

Alonso Fernández de Lugo, kiongozi wa jeshi la Hispania, alianza vita mwaka 1494. Güímar ilikuwa miongoni mwa tawala zilizofanya amani naye. Taoro, chini ya Bencomo, ilipigana. Wahispania walisagwa Acentejo mwezi Mei mwaka huohuo, wakarudi, wakashinda Aguere, wakashinda tena Acentejo mwezi Desemba, na mwaka 1496 kisiwa kikanyenyekezwa. Amani ya Güímar haikuwalinda watu wake wote: wapo waliokamatwa na kuuzwa utumwani licha ya mapatano. Hili halipaswi kurukwa kila hadithi tamu ya pango inaposimuliwa. Watu walewale waliomtunza Maria miaka yote hiyo waliuzwa na waliodai kumleta.

Tarehe 2 Februari 1497 Lugo aliadhimisha sikukuu ya Candelaria pale pwani. Sanamu iliendelea kukaa Achbinico hadi mwaka 1526, wakati Pedro Fernández de Lugo, mwanawe na mrithi wake, alipoijengea kanisa dogo karibu. Mwaka 1530 Wadominika wakakabidhiwa.

Ndani ya miaka hiyo 33 mambo mawili yalihama pamoja. Sanamu ilitoka kwenye mwamba ikaingia kwenye jengo, na ulinzi ukatoka kwa ukoo wa Waguanche ukaingia kwa shirika lenye katiba, hesabu na ufunguo. Pango lilibaki tupu. Kanisa lilipandishwa heshima kadiri karne zilivyopita: Papa Clement VIII akamtangaza Candelaria kuwa msimamizi wa visiwa mwaka 1599, Pius IX akalithibitisha mwaka 1867, na taji la kipapa likawekwa mwaka 1889.

Ufunguo wakaukosa, bega hawakulitoa. Kizazi cha Waguanche waliobatizwa wa Candelaria na Güímar, walioitwa *naturales*, waliendelea kudai kwamba kwenye maandamano mabega yanayoingia chini ya sanamu yawe yao, kwa kuwa babu zao ndio walioipata na kuitunza. Kuelekea mwaka 1600 walilipeleka jambo hilo mbele ya sheria dhidi ya wakubwa wa kisiwa. Fikiria: miaka 100 baada ya kushindwa vitani, watu ambao vitabu vingi husema "walitoweka" wanasimama mahakamani kwa jina la watu wao, na wanachokidai si ardhi wala fidia bali mzigo. Ile amri ya mencey pale Chimisay ilikuwa bado inafanya kazi.

Moto, kisha maji

Katika karne ya 17 Wadominika walijenga kanisa kubwa na nyumba ya watawa. Usiku wa tarehe 15 Februari 1789 vikaungua. Paa za mbao, madhabahu za mbao, mapazia, mafuta ya taa: kanisa la aina ile likishika moto halizimiki. Sanamu iliokolewa. Ikapelekwa wapi? Achbinico. Pango lililoachwa miaka 263 liliipokea tena, na likawa kanisa hadi mwaka 1803. Mwamba hauungui, na hauhitaji kujengwa kwanza ndipo uingie.

Kutoka hapo sanamu ilirudishwa kwenye majengo ya ufukweni, na hapo ndipo kosa la mahali lilipojidhihirisha. Candelaria ipo miguuni mwa miteremko, makorongo yakitokea baharini kati ya nyumba. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1826 dhoruba kubwa ilivipiga visiwa. Mamia ya watu walikufa. Maji yalishuka na kila kilichokuwa korongoni, yakabomoa ngome ndogo ya San Pedro iliyolinda pwani, yakaingia nyumba ya watawa na kuichukua sanamu baharini. Haikuonekana tena. Kwa karne nyingi kisiwa kilipokauka, sanamu hiyo ilikuwa ikipandishwa La Laguna kuombea mvua.

Je, ingekuwa pangoni ingepona? Hatuwezi kuliapia, maana pango nalo liko karibu na bahari na mawimbi ya dhoruba hufika mbali. Lakini sababu ya hasara ilikuwa maji yaliyotoka mlimani, si mawimbi, na Achbinico imechimbika kwenye uso wa mwamba ulio pembeni.

Fernando Estévez, mchongaji wa La Orotava, alitengeneza sanamu mpya mwaka 1827, nayo ndiyo inayoheshimiwa leo. Ni sanamu ya kuvishwa nguo: mahujaji huona nyuso, mikono, vazi pana na taji. Anayetaka kujua umbo la ile ya kwanza aende Adeje, kusini mwa kisiwa, kanisa la Santa Úrsula, kuna nakala ya kale inayohesabiwa kuwa ya karibu zaidi na ya asili. Wengi hawajui hili na huchambua sanamu ya 1827 wakitafuta dalili za karne ya 14. Hazipo, wala haziwezi kuwapo.

Leo

Basilika ya sasa, kazi ya msanifu José Enrique Marrero Regalado, ilianza kujengwa mwaka 1949 na ikawekwa wakfu mwaka 1959. Uwanjani, migongo kwa bahari, wamesimama mencey 9 wa shaba, kazi ya José Abad, waliowekwa mwaka 1993. Kila baada ya miaka 7 sanamu hubebwa kwenda Santa Cruz au La Laguna kwa zamu.

Siku kuu za hija ni mbili. Tarehe 2 Februari ni ya liturujia. Tarehe 14 na 15 Agosti ndizo za umati: usiku watu hutembea kwa miguu kutoka pande zote za kisiwa, na jioni ya tarehe 14 wenyeji waliovaa ngozi huigiza kuonekana kwa sanamu, mbuzi wakiwamo. Agosti ulikuwa msimu wa Beñesmen, sherehe ya mavuno ya Waguanche, na haikuwa bahati tu kwamba sikukuu ya pili ya mwaka iliota hapo.

Anayekwenda kukisoma kisa hiki kwa miguu yake asianzie basilikani, maana atakisoma kutoka mwisho. Aanzie El Socorro, ufukweni mwa Güímar, mahali ambapo kila tarehe 7 Septemba watu wa mji huishusha sanamu yao hadi pwani. Kutoka hapo apande Chinguaro, akaone pango la mencey lilivyo mbali na bahari, ndani ya nchi, kwenye njia ya mifugo. Kisha ashuke Candelaria, aupite uwanja na wale wafalme wa shaba bila kuingia kanisani kwanza, ashike njia ya chini ya mwamba. Mdomoni mwa Achbinico asimame hadi macho yazoee giza. Ndani ataona nakala ya sanamu, maua na mishumaa. Akigeuka nyuma ataona bahari ileile iliyomleta Antón, na korongo likiwa upande wa pili wa mji.